Je, Wajua? Kwa Nini Sindano ya Goti Yenye Dawa ya Dola Chache Huzaa Bili ya Mamia

Nchini Marekani, mtu ambaye gegedu la goti lake (utando laini unaofunika ncha za mifupa) limelika huchomwa mara nyingi sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, ndani ya kiungo. Kazi yenyewe huisha kwa dakika chache. Mgonjwa mmoja hutoka amelipa dola 20 au 30, mwingine hufuatwa nyumbani na bili ya mamia ya dola, na wote wawili wamechomwa dawa ileile kwa dozi ileile. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Wengi hujibu upesi kwamba dawa za Marekani ni ghali. Kweli, zipo dawa nyingi za namna hiyo, lakini hii si mojawapo. Steroidi inayotumika sana kwenye magoti ni triamsinoloni, inayojulikana zaidi kwa jina la Kenalog. Ni dawa ya zamani, kwani madaktari walianza kuchoma steroidi kwenye viungo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, iliisha kitambo. Medicare, bima ya serikali ya watu wa miaka 65 na zaidi, huihesabu kwa vipande vya miligramu 10. Goti kwa kawaida hupewa miligramu 40, yaani vipande vinne, na vyote kwa pamoja hulipwa dola chache tu. Hata kampuni ikiigawa bure kabisa, mwenye bili ya mamia hataona nafuu yoyote ya maana.

Kwa hiyo tuiache dawa, tutazame kazi na mahali. Kazi ya kuingiza sindano kwenye kiungo kikubwa ina namba yake kwenye vitabu vya malipo, 20610. Daktari akiifanya kwenye kliniki yake binafsi, Medicare hulipa takribani dola 60 hadi 70 kwa jumla, ikiwemo kodi ya chumba, muuguzi na pamba. Mgonjwa huchangia asilimia 20, baada ya kumaliza kiasi cha mwaka anachojilipia mwenyewe kwanza, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 240.

Sasa hospitali inainunua kliniki hiyo. Daktari habadiliki, na kitanda cha kupimia kinabaki palepale. Kwenye vitabu, hata hivyo, chumba kile kimekuwa idara ya hospitali, na kuanzia hapo sindano moja huzaa madai mawili. Moja ni la daktari, ambalo hupungua kidogo. La pili ni la hospitali na huitwa ada ya kituo. Kwa Medicare, ada hiyo peke yake huzidi dola 200. Kwa bima za makampuni hakuna kiwango kimoja, kwa sababu kila kampuni imepatana bei yake na kila hospitali, na mgonjwa ambaye hajamaliza kiasi chake cha mwanzo huibeba bei hiyo yote mwenyewe.

Mwaka 2021 vyombo vya habari vya Marekani viliandika habari za mama mstaafu wa Ohio aliyekuwa akilipa dola 30 hivi kwa sindano ya vidole vyenye baridi yabisi. Daktari wake alihamia ghorofa ya juu katika jengo lilelile. Bili iliyofuata ilikuwa dola 1,394, na kati ya hizo 1,262 zilikuwa ada ya kituo. Yeye mwenyewe alidaiwa zaidi ya dola 350.

Hospitali zina hoja, na ina uzito: zinahudumia dharura usiku na mchana, na zinawatibu wasio na bima. Gharama hizo ni za kweli. Ila sijaona sababu ya kuzitwisha sindano ambayo haikugusa chumba cha upasuaji. Bunge la Marekani liliona hivyo nusu nusu. Sheria ya mwaka 2015 ilipunguza malipo ya Medicare kwa idara mpya zilizo mbali na eneo kuu la hospitali, ikaziacha nyingi zilizokuwepo kabla ya Novemba mwaka huo, pamoja na zote zilizo ndani ya eneo lenyewe.

Dawa nayo hurudi kwenye hesabu kwa mlango mwingine. Tangu 2005 Medicare humlipa daktari wastani wa bei ya soko ya dawa aliyochoma, na juu yake asilimia 6, ambayo makato ya bajeti huishusha hadi karibu 4.3. Dalali wa vyumba Dar es Salaam huchukua kodi ya mwezi mmoja: chumba cha shilingi 100,000 humpa 100,000, cha 400,000 humpa 400,000, na mwendo wa miguu ni uleule. Hahitaji kuwa mlaghai ili ajikute anaanza kukuonyesha vya bei ya juu.

Mwaka 2017 iliidhinishwa Zilretta, triamsinoloni ileile iliyotengenezwa iachiliwe polepole, kwa bei ya orodha ya dola 570. Asilimia 6 ya bei hiyo ni zaidi ya dola 34, wakati ya Kenalog ni senti kadhaa. Katika jaribio lake kuu Zilretta ilishinda maji ya chumvi yasiyo na dawa kwa kutuliza maumivu wiki ya 12, lakini kwa kipimo hichohicho cha maumivu ya kila siku haikuonyesha tofauti ya uhakika dhidi ya triamsinoloni ya kawaida. Na hiyo ya kawaida nayo si ya kuchomwa ovyo. Utafiti wa mwaka 2017 uliwachoma wagonjwa 140, wengine triamsinoloni na wengine maji ya chumvi, kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu hayakutofautiana.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, swali la kuuliza mapokezi kabla ya sindano ni hili: je, hapa mnadai kama kliniki ya daktari au kama idara ya hospitali? Tangu Januari 2021 hospitali zinatakiwa kuchapisha bei walizopatana na bima, na ukiwa na namba 20610 unaweza kuitafuta yako. Asiye na bima ana haki, tangu Januari 2022, ya kupewa makadirio kwa maandishi. Bili ikiyazidi kwa dola 400 au zaidi, anaweza kuipinga rasmi ndani ya siku 120.