Mguso katika Ubongo wa Kima: Yanayodhaniwa na Yanayoonekana Kweli Kwenye Picha

Picha ya ubongo yenye madoa mekundu na ya njano humshawishi mtu kuliko jedwali lolote la tarakimu. Msomaji huitazama, husoma chini yake kwamba hapo ndipo kima alipohisi mguso wa kidole, na huamini kwamba ameonyeshwa hisia yenyewe. Utafiti wa picha hizi umetufundisha mengi kuhusu ubongo wa kima na wa binadamu pia, na kwa sababu hiyohiyo unastahili kuelezwa ulivyo, bila kutiwa chumvi.

Dhana: Rangi kwenye picha ni seli za ubongo zikiwa kazini.

Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, haizioni seli za neva. Inachofuatilia ni damu. Seli zinapofanya kazi, damu yenye oksijeni humiminika mahali hapo kupita mahitaji, na kwa kuwa himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyotoa oksijeni yake huathiri uga wa sumaku tofauti na ile iliyoibeba, mashine hunasa tofauti ndogo ya ishara. Msingi wa njia hii uliwekwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990. Damu, hata hivyo, haina haraka. Kidole kikiguswa, badiliko lake hufikia kilele baada ya sekunde kama 5, ilhali ujumbe wa neva umekwisha kufika kwenye gamba la ubongo kabla hata ya sehemu ya kumi ya sekunde kupita. Rangi zenyewe huwekwa na watafiti baada ya hesabu za takwimu zinazolinganisha vipindi vya kuguswa na vipindi vya kutulia, kwa hiyo sehemu isiyotiwa rangi si sehemu iliyolala.

Mwaka 2001, Nikos Logothetis na wenzake nchini Ujerumani walipima ubongo wa makaki, aina ya kima, kwa MRI na kwa elektrodi, yaani vijiti vyembamba vya kunasa umeme wa seli, kwa wakati mmoja. Walichunguza eneo la kuona, si la mguso, lakini walichokipata kinawahusu wote wanaotumia njia hii: ishara ya damu hufuatana zaidi na shughuli ya kupokea na kuchakata ujumbe mahali hapo kuliko na mapigo ya umeme ambayo seli hutuma kwingine.

Dhana: Ubongo una ramani moja ya mwili.

Dhana hii ilitokana na kazi ya kuheshimika. Mwaka 1937, Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal walichapisha matokeo ya kuchochea kwa umeme ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, na kutokana na kazi hiyo tukapata ule mchoro maarufu wa mtu mwenye midomo minene na mikono mikubwa kupita kiasi. Ukubwa huo una sababu. Chukua njiti mbili za kiberiti, uzigusishe kwenye ncha ya kidole cha mwenzako aliyefumba macho zikiwa zimeachana milimita 3 au 4 tu: kwa kawaida atakwambia ni mbili. Zipeleke mgongoni kwa umbali uleule, naye atasema ni moja. Ngozi ya upande wa kiganja katika mkono mmoja wa binadamu ina takriban nyuzi 17,000 za neva zinazopokea mguso, na ubongo huzitengea nafasi kwa wingi wake, si kwa upana wa ngozi.

Kilichobadilika ni idadi ya ramani. Mwaka 1979, Jon Kaas, Michael Merzenich na wenzao walionyesha kwamba ukanda wa mguso wa primati (kundi la kima, nyani na binadamu) una maeneo manne yaliyopangana sambamba, yaani 3a, 3b, 1 na 2, na kwamba 3b na 1 kila moja lina ramani yake kamili ya ngozi. Anayesema “eneo la kidole” bila kutaja ni katika ramani ipi ameacha nusu ya habari.

Dhana: Ramani ya kwanza ni nakala aminifu ya ngozi.

Hapa ndipo picha zilipotoa jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa zuri kuliko yote. Watu wakiguswa kwa wakati mmoja kwenye sehemu mbili za ngozi zilizo karibu, mara nyingi huhisi mguso mmoja tu, ulio katikati, mahali ambapo hakuna kilichowagusa. Georg von Békésy alilichunguza jambo hili katikati ya karne ya 20. Ilitarajiwa kwamba udanganyifu wa namna hiyo ungetengenezwa kwenye maeneo ya juu ya ubongo, huku 3b, ndiyo ramani ya kwanza kupokea ujumbe wa ngozi, likibaki kama daftari linaloandika kilichotokea ngozini.

Mwaka 2003, Li Min Chen, Robert Friedman na Anna Roe walilichunguza eneo 3b la kima wadogo wa jenasi ya Saimiri, wa Amerika ya Kati na Kusini. Hawakutumia MRI bali kamera: gamba la ubongo humulikwa, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mwanga kwa viwango tofauti, kamera hupata mabadiliko ya mwanga yaliyo chini ya asilimia 1. Kidole kimoja kikiguswa, doa lilitokea mahali pake. Cha jirani kikiguswa, doa lilitokea pembeni ya la kwanza. Vyote viwili vilipoguswa pamoja, likatokea doa moja, katikati ya yale mawili. Ramani ya kwanza kabisa ilikuwa imeandika kile ambacho mtu angehisi, si kile kilichotokea ngozini.

Dhana: Ramani ikishachorwa utotoni haibadiliki.

Hubadilika. Mwaka 1984, kundi la Merzenich lilionyesha kwamba kima wazima wa jenasi ya Aotus waliokatwa kidole, baada ya miezi kadhaa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ya kidole hicho ilikuwa ikiitikia vidole jirani. Lakini wapo waliovuka mpaka na kudai kwamba ramani ya zamani hufutika kabisa. Mwaka 2013, Tamar Makin na wenzake waliwapima kwa MRI watu waliokatwa mkono, wakawaomba wausogeze mkono usiokuwepo, na eneo la mkono likaitika.

Dhana: Doa likionekana, mnyama amehisi.

Wale kima wa mwaka 2003 walikuwa wamepewa nusukaputi. Eneo 3b huitikia mguso hata mnyama akiwa usingizini, kwa hiyo doa pekee halithibitishi hisia, na udanganyifu wa mguso mmoja tunaujua kwa ushuhuda wa binadamu. Ili kumuuliza kima mwenyewe, lazima awe macho na awe amefundishwa kujibu. Victor de Lafuente na Ranulfo Romo wa Mexico walifanya hivyo mwaka 2005 kwa kutumia elektrodi: makaki alitikiswa ncha ya kidole kwa mtetemo hafifu sana, kisha akabonyeza kitufe kueleza kama ameuhisi au hakuuhisi. Kwa mtetemo uleule, seli za ukanda wa kwanza wa mguso ziliitika karibu sawasawa, jibu liwe ndiyo au hapana. Seli zilizofuatana na jibu la mnyama zilikuwa mbele zaidi, katika maeneo yanayoandaa mwendo.