Kuishi na Familia ya Wajerumani: Yanayosemwa na Yaliyopo

Vijana wengi wa Kenya na Tanzania huenda Ujerumani kwa viza ya "au pair", maopea kama tunavyowaita. Unaishi na familia, unalea watoto wao na kusaidia kazi ndogo ndogo kwa muda usiozidi saa 30 kwa wiki, nawe unapewa chumba, chakula na posho. Umri uwe chini ya miaka 27 unapoomba, na Kijerumani chako kifike ngazi ya A1. Kwenye magrupu ya WhatsApp ushauri haukosekani, na mwingine unapotosha.

"Ukishapata cheti cha A1, lugha umeimaliza."

A1 ni ngazi ya kwanza kati ya sita. Mtihani unakutaka ujitambulishe, uulize bei, ujaze fomu, na sauti unayosikilizishwa hutamka taratibu, kwa Kijerumani sanifu. Mama wa watoto kule Stuttgart, akiwa amechelewa kazini na mtoto hataki kuvaa viatu, hatamki hivyo. Hata salamu hubadilika: Munich utasikia "Grüß Gott", Hamburg ni "Moin" asubuhi hadi usiku. Ukikaa kama bubu wiki za mwanzo, usidhani hukusoma.

"Usijali, Wajerumani wote wanajua Kiingereza."

Vijana wengi, ndiyo. Bibi na babu ni habari nyingine, hasa upande wa mashariki, Leipzig au Dresden, ambako waliosoma kabla ya nchi kuungana mwaka 1990 walifundishwa Kirusi shuleni. Lakini mimi naiogopa zaidi familia inayokijua Kiingereza vizuri mno. Wapo wanaomchagua Mkenya makusudi ili watoto wao wapate Kiingereza. Maisha yanakuwa laini, hakuna kinachokwama, kisha mwaka unakwisha, na viza hii haizidi mwaka mmoja. Ukianza kutafuta Ausbildung, yale mafunzo ya kazi, unaulizwa B1 au B2, yaani ngazi ya tatu au ya nne, nawe Kijerumani umekiacha palepale. Lisemeni mapema, kabla ya kusaini mkataba: Kiingereza na watoto sawa, mezani jioni Kijerumani.

"Usipoelewa, tabasamu useme ndiyo. Ndiyo adabu."

Hapa ndipo penye balaa, na ndipo wengi wanapoharibikiwa bila kujua kwa nini. Tumelelewa kutomsumbua mwenyeji. Mkubwa akisema, humwambii arudie. Mjerumani naye akisikia "ja" anajua umeelewa na umekubali. Hatauliza tena, na kesho atakudai ulichokubali.

Chukua saa. Unaambiwa ukamchukue mtoto chekechea "halb drei". Aliyezoea Kiingereza anasikia tatu na nusu, yaani saa tisa na nusu mchana kwetu. Wao wanahesabu nusu ya kuelekea tatu: saa nane na nusu. Umechelewa saa nzima, mwalimu anataka kufunga, mtoto analia. Na msamiati ulikuwa nao, maana namba uliisikia sawasawa! Ungeuliza tu, "Yaani 14:30?" Au ungeomba uandikiwe. Usione haya, wenyewe huandikiana: jikoni kwao mara nyingi kuna kalenda yenye ratiba ya kila mmoja.

Kwenye chakula adabu hiyohiyo inakugeuka kwa upande wa pili. Kwetu mgeni hukataa kwanza, na mwenyeji humbembeleza. Huko ukikataa, sahani inapita. Tena ukikaribishwa kuongezewa ukajibu "danke" (asante) tupu, wanaelewa umeshiba. Unayetaka sema "ja, gerne". Wala usimngojee mtu wa kukubembeleza, utalala njaa katika nyumba ya watu wema kabisa.

"Simu itanitafsiria."

Kwa barua, vibandiko vya dukani na maelekezo ya mashine ya kufulia, inasaidia sana. Mazungumzo ni mtihani. "Yeye" wetu hana jinsia, Kijerumani kinataka uchague "er" wa kiume au "sie" wa kike, hivyo simu inabahatisha, na katika nyumba yenye mvulana na msichana hujui imemtaja nani mwenye homa. Namba ya dharura ni 112, kwa gari la wagonjwa na zimamoto. Ikibidi kuipiga hutakuwa na muda wa kuchapa maneno. Anwani ya nyumba ijue kwa moyo, uweze kuitamka hata ukiwa umepaniki.

"Watoto ndio walimu bora."

Nusu kweli. Hurudia bila kuchoka, hukusahihisha bila aibu, na watakucheka. Ila mtoto mdogo humwita kila mtu "du". Ukibeba mazoea hayo mpaka ofisi ya uhamiaji, umemwambia ofisa "wewe" kama mnacheza naye. Mtu mzima usiyemjua mwite "Sie", hapa ni "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu. Familia uliyofikia kwa kawaida itakuruhusu siku ya kwanza.