Kabla hujamwambia mkeo akatoe kijiti

Huku Mtwara, kuanzia Nanyamba mpaka Masasi, wanaume wengi huingia kwenye uzazi wa mpango siku damu ya mke isipokatika, nao huingia kwa amri: kijiti kitolewe! Hapo umechelewa, baba. Habari za damu huelezwa siku ya ushauri, kabla kijiti hakijawekwa chini ya ngozi ya mkono wake.

Kijiti hutoa homoni kidogo kidogo, na homoni hiyo huufanya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba. Ndiyo maana damu hutoka matone matone, hubadili siku zake, au hukoma. Ikikoma haijarundikana tumboni. Utando haukujengeka, basi hakuna cha kutoka. Usumbufu huwa mkubwa miezi ya mwanzo, na kwa nyumba za kuswali na kufunga huleta ugomvi kabisa. Muulizeni sheikh tofauti ya hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Matone yakiwachosha, rudini zahanati: zipo dawa za siku 5 za kupunguza damu, na mara nyingi kijiti hubaki. Lakini damu ikiwa mara mbili ya kawaida yake, ikipita siku 8, au mkono ukitoa usaha, msikae nyumbani. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu ataje kijiti, kwa sababu rifampicin, mojawapo ya dawa hizo, hukipunguzia nguvu.

Shida ya sindano ya uzazi wa mpango ni tarehe. Huchomwa kila miezi 3, na ikiangukia msimu wa korosho, watu wamehamia shamba, hupitwa. Wewe unayepeleka magunia chama cha msingi, ishike tarehe hiyo kichwani. Anaweza kuchomwa wiki 2 kabla, au kuchelewa isizidi wiki 4. Zaidi ya hapo, kwanza ihakikishwe hana mimba, kisha mtumie kondomu siku 7 baada ya sindano. Mkitaka mtoto, jueni kuwa kijiti kikitolewa uzazi hurudi upesi, ila kwa sindano mimba hukawia, wastani wa miezi 10 tangu ile ya mwisho.

Mkeo hahitaji sahihi yako apate huduma. Muulize kama anapenda muingie wote kwa mtoa huduma. Akikubali, maswali yako yaulize mle ndani, siyo njiani mkirudi.