Sabuni Ikigoma, Kagua Mizani Kabla ya Kulaumu Kostiki

Wanaokuja ofisini kwetu kuuliza habari za sabuni huja na ushahidi mkononi. Hivi karibuni mama mmoja alifungua gazeti mezani kwangu, akatoa mche wa sabuni ya mawese wenye harufu nzuri ya mchaichai. Kwa nje haukuwa na kasoro. Nilipoukata katikati ulimeguka kama chaki, na ndani kulikuwa na vishimo vyenye majimaji. "Kostiki ya siku hizi ni kali mno," akasema, akiilaumu kostiki soda, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Wateja wake walikuwa wanalalamika mikono inawasha. Nikamuuliza mafuta aliyapimaje. Akajibu: kwa ndoo.

Nusu ya matatizo ninayoletewa huanzia kwenye hiyo ndoo. Kostiki soda hupimwa kwa uzito, na mafuta nayo lazima yapimwe kwa uzito. Lita moja ya mawese haifiki kilo moja. Ni gramu 910 hadi 920 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kama kilo 18.3.

Tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya mawese hula gramu 142 hivi za kostiki ili yote igeuke sabuni. Ya mafuta ya nazi hula 183, ya alizeti karibu 135. Kwa kilo 20 za mawese, basi, ni gramu 2,840. Tunapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki na kulinda ngozi, tunapata gramu 2,698. Hicho ndicho kipimo yule mama alichokuwa nacho kwenye daftari, na kwa kilo 20 kilikuwa sahihi kabisa. Ila kilo 18.3 zilizokuwamo kweli ndani ya ndoo haziwezi kula zaidi ya gramu 2,599. Karibu gramu 100 za kostiki zilikosa mafuta ya kula, zikabaki ndani ya miche. Majimaji yale kwenye vishimo ni kostiki hiyo, usiyashike kwa mkono mtupu.

Hesabu hiyohiyo inakwambia kwa nini huwezi kuchukua kanuni ya mawese ukaitumia kwenye alizeti au nazi bila kuibadili. Ukiweka kipimo cha nazi kwenye alizeti unatengeneza dawa ya kuchubua. Ukigeuza, sabuni yako haitaganda vizuri wala haitakauka.

Kujua kama sabuni imezidi kostiki, mafundi wa zamani huigusisha kwenye ncha ya ulimi. Ikipiga kama betri, imezidi. Mche wenye majimaji usiujaribu hivyo. Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, lowesha sabuni, bandika karatasi. Usitarajie 7 kama ya maji safi, kwa sababu sabuni nzuri ya mafuta na kostiki huwa kwenye 9 hadi 10. Ikifika 11 na kuendelea, usiiuze. Pia mpe mche muda. Sabuni iliyotengenezwa kwa njia ya baridi, yaani bila kupikwa, inataka wiki 4 hivi kwenye hewa. Ya siku mbili inaweza kuwasha hata kama vipimo vyako ni safi.

Unga mweupe juu ya sabuni huwatisha wengi bure. Mara nyingi ni magadi tu: kostiki ya juu imekutana na hewa kabla haijamaliza kazi. Kwangua au futa kwa kitambaa chenye maji, na siku nyingine funika kalibu mara baada ya kumimina.

Kutengana ni jambo jingine. Umemimina, asubuhi unakuta mafuta yanaelea juu. Huku Arusha na Iringa naliona sana mwezi wa Juni na Julai, na chanzo chake ni baridi. Mawese yakipoa huanza kuganda yenyewe, fundi anaona mchanganyiko umekuwa mzito kama uji, anaridhika na kumimina. Kumbe kilichoganda ni mafuta, sabuni bado. Pasha mafuta yafike nyuzi 40 hadi 45 kabla ya kutia maji ya kostiki, kisha koroga mpaka mwiko ukiinuliwa uache mstari juu ya uji usiozama upesi. Kwa mkono inaweza kuchukua saa nzima, usikate tamaa.

Kinyume chake ni uji kuganda ghafla ndani ya ndoo kabla hujaumimina. Hapo shuku manukato. Mafuta ya karafuu yanajulikana kwa tabia hiyo, na manukato ya dukani yenye spiriti hayatabiriki. Tia mwishoni kabisa, kidogo, kalibu zikiwa tayari mezani. Karafuu nyingi huwasha ngozi pia.

Sabuni ikibaki laini wiki baada ya wiki, maji yalizidi, au alizeti ilikuwa nyingi, au kostiki imechakaa. Mfuko ulioachwa wazi hunyonya unyevu na hewa, na kostiki yake hugeuka magadi taratibu. Ikishikamana mabonge yenye majimaji, usiiamini kwa vipimo. Na kwa wale wanaoniuliza: hapana, magadi ya kupikia maharage hayachukui nafasi ya kostiki. Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta mabovu hutokana na mafuta ya zamani, hasa yaliyokaangia chipsi.

Sufuria za alumini zisikaribie kazi hii. Kostiki huzila, hutoa gesi inayoshika moto, na sabuni huwa nyeusi. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Tia kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kurukia usoni. Vaa miwani na glovu. Ikikugusa, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Ikiingia jichoni, fanya hivyohivyo, kisha nenda hospitali. Na tafadhali usihifadhi maji ya kostiki kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui unachojua wewe.

Miche ya yule mama haikutupwa. Aliikwangua yote kwa mbuzi ya nazi iliyotengwa kwa kazi hiyo, akiwa na glovu, akaiyeyusha na maji kidogo katika chombo kilichokaa juu ya maji ya moto, akatia kilo 1.7 za mawese zilizokosekana tangu mwanzo, akakoroga mpaka ikashikana upya. Wewe usiyejua ulikosea kwa kiasi gani, usibahatishe na ndoo nzima. Yeyusha kilo moja, tia gramu 50 za mafuta, iache ipoe, pima pH, na ikiwa bado juu rudia. Ukipata kiasi kinachokaa sawa, ndipo uzidishe kwa kilo zilizobaki, na mafuta uyaweke kwenye mizani.