Kwenye klabu ya hotuba, mtathmini ndiye anayejifunza uongozi

Wengi hujiunga na klabu za Toastmasters, ambamo wanachama hufanya mazoezi ya kuhutubia, ili waache kutetemeka mbele ya watu. Hilo hupatikana. Lakini nafasi inayomkomaza kiongozi si ya msemaji, ni ya anayemtathmini.

Mfumo huu, aliouanzisha Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, una sehemu tatu: hotuba zilizoandaliwa, mada za papo kwa papo, na tathmini, yaani mwanachama kumwambia msemaji alichofanya vizuri na cha kurekebisha. Hotuba nyingi huchukua dakika 5 hadi 7, mada za papo kwa papo dakika 1 hadi 2. Mtunza muda huonyesha kadi ya kijani, ya njano, kisha nyekundu. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7 ni dakika ya 5, ya 6 na ya 7. Kazi huonekana ndogo, ila mwanachama mpya anayemnyanyulia bosi wake kadi nyekundu bila kusitasita ameshaanza kuongoza.

Tathmini hupewa dakika 2 hadi 3, na hapo ndipo klabu nyingi zinapolegea. Ugonjwa wa kwanza ni sifa tupu: “Hongera sana, umetubariki, endelea hivyohivyo.” Kwetu heshima huchangia, maana kijana ataona haya kumwambia mzee kwamba hotuba yake haikuwa na mwisho. Dawa ni kusema ulichokiona na kukisikia, bila kuhukumu tabia. Usiseme “hujiamini.” Sema: “Ulipofika kwenye takwimu uliinamia karatasi hadi ukazimaliza. Safari ijayo soma tarakimu moja, inua uso, ndipo uendelee.” Mzee hakosewi adabu, na amepata cha kufanyia kazi.

Ugonjwa wa pili ni kumwaga makosa tisa kwa mpigo. Msemaji ataondoka na aibu tu. Chagua moja, mawili yakizidi. Kabla ya mkutano muulize anataka aangaliwe nini: sauti, mikono, au mpangilio wa hoja? Wakati wa hotuba gawa karatasi yako sehemu mbili, upande mmoja maneno yake kama alivyoyatamka, mwingine yalivyokugusa. Bila maneno yake halisi utabaki kubahatisha.

(Klabu inayozungumza Kiswahili isimwache mhesabuji, anayehesabu maneno ya kujazia hotuba, ahesabu “eee” peke yake. “Yaani” na “kwa hiyo” hujificha vizuri zaidi.)

Nafasi ya pili kwa ugumu ni ya makamu wa rais wa elimu, anayepanga nani atafanya nini. Ratiba ikibandikwa kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja husubiri mwenzake ajitolee, na siku ya mkutano hakuna msemaji. Panga wiki 4 mbele, mpigie kila mtu simu kwa jina lake, mkumbushe siku 2 kabla, na uwe na wa akiba mwenye hotuba tayari. Hulipwi, wala humlipi mtu. Huna cha kumtishia anayekwepa. Ofisini cheo hukubeba, hapa huna budi kushawishi.

Mweka hazina naye asisubiri tarehe 1 Oktoba na 1 Aprili, ambazo ada za wanachama huwa zinatakiwa zimeshalipwa. Aanze kukusanya mwezi mzima kabla, kwa sababu ahadi ya “nitatuma jioni” huchukua wiki tatu.