Mbawakawa "mpya" hakuzaliwa jana

Akitangazwa mbawakawa mpya kutoka misitu ya Amani, Tanga, wengi hudhani mdudu huyo ametokea juzi. Sivyo. Misitu ya Usambara Mashariki ni ya kale mno, naye yaelekea aliishi humo vizazi na vizazi. Kilicho kipya ni jina na maelezo yake.

Rangi pekee haitoshi kumtambua. Mtaalamu huhesabu pingili za vipapasio, huchunguza mistari na vitobo vya mabawa magumu ya juu, kisha humpasua dume na kutoa kiungo cha uzazi. Hapo ndipo penye ushahidi mzito, kwani spishi zinazofanana kama mapacha kwa nje mara nyingi hutofautiana humo. Mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo na kuhifadhiwa makumbusho. Wengine wote watalinganishwa nacho.