Aqua ya Edgar Froese: vaa hedifoni kwanza

Edgar Froese nilimjua miaka yote kama kiongozi wa Tangerine Dream, kundi la muziki wa elektroniki aliloanzisha Berlin mwaka 1967. Sisi mafundi wa sauti tukishaitaja albamu yao Phaedra ya 1974, na ile sikwensa ya Moog (mashine inayorudiarudia noti zilizopangwa) inayodunda kama moyo, tunaona tumemmaliza. Kumbe mwaka huohuo alitoa albamu yake peke yake, Aqua. Nami niliipuuza.

Niliifungulia studio hapa Kirumba, Mwanza, kwenye spika, katikati ya kazi ya kuchanganya sauti za kwaya. Maji yanabubujika, sinthesaiza (kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme) inanguruma taratibu, dakika 17 hivi zinakatika bila ngoma. Mwimbaji wa sauti ya nne akauliza, "Fundi, bomba limepasuka?" Nikazima.

Miezi ikapita. Siku moja niko kwenye kivuko cha Kamanga, hedifoni masikioni, simu ikaleta NGC 891, kibao cha albamu ileile. Nikageuka nione nani yuko nyuma yangu. Palikuwa na tenga tupu la samaki na mama mmoja kasinzia.

Kibao hicho kilirekodiwa kwa mfumo wa kichwa bandia uliobuniwa na Gunther Brunschen. Maiki mbili hukaa masikioni mwa sanamu ya kichwa cha mtu. Sauti ya kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa chenyewe huzipunguza sauti nyembamba zisifike sawasawa upande wa pili. Mikunjo ya sikio nayo huibadilisha sauti kutegemea inatoka mbele, nyuma au juu. Ubongo unasoma dalili zote hizo. Kwenye spika, sikio la kulia linaisikia pia spika ya kushoto, na hesabu yote inavurugika.

Sikutulia. Nikanunua Makoroboi kichwa cha plastiki cha kuvalishia mawigi, nikabandika vimaiki viwili, nikakipeleka Mwaloni alfajiri dagaa wakishushwa. "Na huyo naye anasubiri mzigo?" mchukuzi mmoja akaniuliza. Kushoto na kulia vilitoka safi kabisa. Ila mchukuzi yuleyule, aliyepita mbele ya kichwa, kwenye rekodi anapita mgongoni: masikio ya kile kichwa ni vivimbe tu, hayana mikunjo.

Ukishaizoea Aqua, tafuta albamu yake nyingine, Epsilon in Malaysian Pale ya 1975, ambayo kwangu ndiyo bora zaidi (mwanamuziki David Bowie naye aliipenda). Ni vibao viwili tu, kimoja kila upande wa sahani, na Mellotron imetawala. Hiyo ni kinanda ambacho kila kibonyezo kina utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, filimbi au fidla, na utepe huo unaisha baada ya sekunde 8 hivi. Ukiachia kibonyezo, springi inaurudisha mwanzo. Kwa hiyo ule ukungu wa sauti unaoonekana hauna mwisho umeunganishwa na vidole vinavyopokezana kabla tepe hazijaisha.